Spea ya Bunduki Si Spea ya Baiskeli

Kawaida safu hii huwajibu watu wa magari ya mtumba na majokofu yaliyokwama bandarini. Mwezi huu, sijui ni nguruwe pori wanaomaliza mahindi ya watu Handeni na Kilindi au kuna jambo jingine, karibu kila ujumbe niliopata ni wa silaha: mtutu, springi, darubini, kitako. Nimechagua machache. Yaliyofanana nimeyafunga fungu moja kama kuni. Wale watatu mlioomba "njia ya mkato", nimewasoma, na nimewanyamazia kwa makusudi.

SWALI: Shikamoo babu. Nina shotigani na leseni yake ninayo. Nataka kuagiza mtutu tu kutoka nje, si bunduki. Kwa nini naambiwa nitafute kibali kingine? — Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba. Hili nimelijibu mpaka kalamu inaijua njia yenyewe. Nalijibu tena, na atakayeuliza baada ya leo nitamrudisha hapa.

Leseni yako inakuruhusu kumiliki bunduki moja, yenye namba moja. Haikuruhusu kuingiza kitu nchini. Kuingiza ni jambo jingine lenye kibali chake, na kibali hicho kinatoka upande wa Polisi, si TRA. Watu wa forodha hawatoi kibali cha silaha. Wao wanakuuliza tu kiko wapi. Kwa hiyo wewe unayekwenda kugombana nao dirishani umekosea mlango.

Na hiyo hoja ya "ni mtutu tu" haina miguu. Protokali ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2005, imevitaja vipuri kwa majina: mtutu, fremu, slaidi au silinda, bolti (si ya kukazia nati, ni kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), pamoja na chombo chochote cha kupunguza mlio. Imeongeza na kila kipande kilichotengenezwa mahususi kwa bunduki ambacho bila hicho haifanyi kazi. Sababu yake haihitaji shule. Bunduki ni kama kitanda cha kamba. Ukileta matendegu leo, mifumbati kesho na kamba keshokutwa, mwisho wa wiki mtu analala.

Kwenye vitabu vya forodha silaha zote ziko sura ya 93, na vipuri vyake vina kifungu chao, 93.05. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeiweka sura hiyo ya 93 kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti. Soma vizuri: zenye masharti, si zilizopigwa marufuku. Maana yake unaweza kuleta, ila kibali kitangulie mzigo. Mzigo ukitangulia, utakuwa unamweleza afisa habari za nia yako njema, na nia njema haina kisanduku kwenye fomu.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Mtutu wa bunduki yenye mitutu miwili si tairi la baiskeli kwamba ukinunua saizi yake utaingia. Hufungwa na fundi kwa kupimwa na kukwanguliwa kidogo kidogo mpaka ushike. Na mtutu wa maana huwa umepigwa risasi ya majaribio na kugongwa muhuri. Kule Birmingham kazi hiyo ina nyumba yake tangu 1813. Tazama muhuri, na usome urefu wa chemba, yaani ile nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Bunduki nyingi za zamani za saizi 12 zina chemba ya milimita 65. Ukizilisha risasi za milimita 70 kwa sababu tu zimeingia, siku moja utapoteza vidole.

SWALI: Je, naweza kutumiwa springi na pini za bunduki kwa posta, kwenye bahasha ya kawaida? — Msomaji, Korogwe

JIBU: Hapana. Wala usiniandikie kwamba jirani yako alipata.

SWALI: Mzee wangu, nimeelewana na muuzaji wa Ujerumani aniuzie pini mbili za kupigia pamoja na springi zake. Anasema serikali yake haitampa ruhusa ya kutoa mzigo bila kuona kibali changu cha kuingiza. Huku nako naambiwa nieleze kwanza ninaingiza nini hasa na kutoka kwa nani. Aanze nani? — Msomaji, Lushoto

JIBU: Hili ndilo swali bora la mwezi, na wewe ndiye pekee uliyeuliza kabla ya kulipa. Mungu akuzidishie.

Unaanza wewe. Protokali ile ile niliyoitaja inaidai nchi inayotoa mzigo ihakikishe kwanza kwamba nchi inayopokea imekwisha kuruhusu, na kwamba nchi ambako mzigo utapitia hazina pingamizi. Umoja wa Ulaya umeyaweka hayo kwenye kanuni yake ya mwaka 2012. Kwa hiyo Mjerumani wako hana kiburi. Yeye ataomba kwa ofisi iitwayo BAFA, iliyoko Eschborn karibu na Frankfurt, na wale bwana wanasoma kila mstari.

Kinachokata huo mzunguko wa yai na kuku ni karatasi moja ambayo watu huidharau: ankara ya awali, ile wanayoiita proforma. Muuzaji anaweza kukuandikia hiyo bila kibali chochote, maana hajauza kitu bado. Ukiwa nayo unapanda ngazi za huku: leseni iliyo hai, barua yako ya maombi, polisi wa wilaya, wa mkoa, mpaka makao makuu. Kibali kikitoka, nakala inakwenda kwa muuzaji, naye anaomba ruhusa ya kutoa. Ruhusa ikitoka ndipo unalipa, na ndipo anatafutwa msafirishaji anayekubali kubeba, maana wengi hukataa hata ukiwa na karatasi zote duniani. Muulize msafirishaji ndege itashusha mzigo wapi njiani. Kama utashushwa na kupakiwa upya katika nchi ya tatu, hiyo nchi nayo ina lake la kusema.

Sasa hiyo proforma iandikwe nini? Hapa ndipo ninapogombana na watu mwaka mzima. Iandikwe jina la kitu. "Pini ya kupigia, idadi mbili, kwa ajili ya bunduki ya mitutu miwili, saizi 12, mtengenezaji fulani, namba ya bunduki fulani, thamani kiasi fulani." Namba iwe ile iliyoko kwenye leseni yako, tarakimu kwa tarakimu. Isiandikwe "spea". Isiandikwe "vyuma vidogo". Isiandikwe "zawadi". Nitalirudia hili kabla sijamaliza, kwa sababu lina hadithi yake.

Lakini na mimi si wakili wa serikali. Mzee mmoja wa Muheza alipitia ngazi hizo zote kwa ajili ya pini moja. Niliishika mkononi: fupi kuliko njiti ya kibiriti, ndani ya kijifuko cha plastiki, ikiwa imegandishwa kwa gundi kwenye kadi ili isipotee. Karatasi zilizoambatana nayo nilizihesabu kwa hasira, zilikuwa kumi na nne. Na kibali chake kilikuwa kimekwisha muda siku mbili kabla ndege haijatua. Siku mbili! Ule upande wa pili ulikaa na maombi mpaka kibali cha huku kikazeeka, na hakuna ofisi hata moja iliyokuwa na kosa. Mzee akaanza upya, ngazi ya kwanza. Kwa mtu mwenye leseni safi anayetaka pini ya bunduki ambayo polisi wanayo tayari kwenye kitabu chao, kungekuwa na foleni yake fupi. Nimelisema hili kwenye vikao mpaka wananiona kama redio ya jirani.

Kwa hiyo wewe wa Lushoto, kabla hujapeleka maombi, muulize Mjerumani wako kwa maandishi ruhusa ya kwao huchukua muda gani. Ukijua, utajua uombe lini. Na pini ziagize tatu kwenye ankara moja, si mbili. Foleni ni ile ile.

SWALI: Darubini ya bunduki, mkoba wake na brashi ya kusafishia mtutu navyo ni silaha? — Msomaji, Sahare

JIBU: Kwa vitabu vya forodha, darubini ikija peke yake iko 90.13, pamoja na vifaa vya macho. Mkoba uko 42.02 na mabegi mengine. Skrubu na springi za kawaida, zile zinazoingia popote, hazihesabiwi kuwa vipuri vya bunduki hata kama wewe unakwenda kuzitia kwenye bunduki. Springi iliyokatwa na kukunjwa kwa ajili ya bunduki na si kitu kingine, hiyo ni 93.05. Lakini kifungu cha ushuru ni jambo moja na ruhusa ya kutoka kwa muuzaji ni jambo jingine. Wamarekani, kwa mfano, wana kifungu maalumu cha kudhibiti darubini za bunduki zinazotoka kwao. Na ukiifunga darubini juu ya bunduki ukaileta hivyo, hiyo si darubini tena, ni bunduki yenye jicho.

SWALI: Kaka yangu yuko Texas, anakuja Desemba. Huko vipuri vinauzwa dukani kama peremende. Aniwekee viwili vitatu kwenye begi la nguo? — Msomaji, Chumbageni

JIBU: Mwanangu, unampenda kaka yako?

Kuuzwa kama peremende ni ndani ya nchi yao. Mguu ukikanyaga ndege, sheria inabadilika. Zamani bunduki za kiraia na vipuri vyake zilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Tarehe 9 Machi 2020 sehemu kubwa ilihamishiwa Wizara ya Biashara, na watu wakasherehekea wakidhani kuhama ofisi ni kufutwa kwa kibali. Haikuwa hivyo. Tangu hapo masharti yamebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo maelezo aliyopewa rafiki ya kaka yako miaka mitatu iliyopita ni ya kufungia vitumbua. Adhabu ya kutoa vitu hivyo bila ruhusa, kwa makusudi, inaweza kufika kifungo cha miaka 20 na faini ya dola milioni moja kwa kosa moja. Hiyo ni kabla hajafika huku akakutana na ya kwetu.

Na tafadhali acheni kuwatuma ndugu zenu bila kuwaambia wamebeba nini. Mwaka juzi nilipigiwa simu usiku na mama anayelia. Kijana wake alikuwa amezuiwa uwanja wa ndege wa nchi nyingine kwa "spea ya pikipiki ya mjomba". Haikuwa ya pikipiki, na mjomba alikuwa amezima simu.

Kaka yako aje na nguo na simulizi. Vipuri avitafute muuzaji mwenye uzoefu wa kuuza nje, kwa njia niliyomweleza mwenzako wa Lushoto.

SWALI: Mimi ni mwongoza wageni. Mteja wangu mwindaji anakuja na bunduki yake kupitia Johannesburg, na akiba ya vipuri na risasi. Nimwambie nini? — Msomaji, Pangani

JIBU: Afrika Kusini wana fomu yao, SAPS 520, kwa anayeingia na silaha kwa muda, aulize mapema shirika lake la ndege kama kwa safari yake inahitajika, hasa kama atachukua mabegi na kulala mjini. Risasi: kilo 5 kwa abiria mmoja, kwenye begi linalokwenda chini, kwa idhini ya shirika, na asichanganye zake na za mwenzake. Akiba ya vipuri iandikwe kwenye kibali chake kimoja kimoja. Bolti ya ziada isiyoandikwa ndiyo iliyowakwamisha wengi ninaowajua.

SWALI: Kuna fundi mzuri wa bunduki Mombasa. Si tuko soko moja la Afrika Mashariki? Naweza kuvuka Horohoro na bunduki yangu, akaitengeneza, nikarudi nayo jioni? — Msomaji, Mkinga

JIBU: Soko la pamoja lilianza 2010, na kila mwaka napata mtu anayedhani mipaka ilifutwa siku hiyo. Soko ni la nyanya na saruji. Silaha yako ikivuka pale Horohoro imetoka Tanzania na imeingia Kenya, ambako kuna Sheria ya Silaha ya kwao, Sura ya 114, na bodi yao ya leseni. Ile ofisi ya pamoja mpakani imewaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Sheria zao hazijaoana.

Kwa hiyo unahitaji ruhusa ya kutoa kwa muda upande huu, ruhusa ya kuingiza kwa muda upande ule, kisha mambo hayo hayo kinyumenyume wakati wa kurudi. Na kila kilichobadilishwa kionekane kwenye karatasi. Fundi akikutolea bolti ya zamani akaweka nyingine, na ile ya zamani akabaki nayo kama chuma chakavu, umeacha kipuri cha silaha nchi ya watu bila hati. Rudi na mabaki yako yote, hata yaliyovunjika. Jioni sahau. Mimi nashauri umtafute fundi mwenye leseni ndani ya nchi, ndipo kama ameshindwa ufikirie bahari ya Mombasa.

Na yule aliyeniuliza habari ya kuipitisha kwa jahazi kutoka Moa usiku: sheria ya forodha inaruhusu kutaifishwa kwa chombo cha chini ya tani 250 kilichobeba bidhaa zenye masharti kinyume cha taratibu. Nahodha aliyekukubalia hajui kwamba umemwekea rehani jahazi lake. Mwambie.

SWALI: Babu, nina machinjio madogo. Nimeagiza kile kifaa cha kumzimisha ng'ombe kabla ya kumchinja, pamoja na pini zake za akiba. Wakala wangu ananiambia ni silaha. Ananidanganya ili anile hela? — Msomaji, Pongwe

JIBU: Hakudanganyi, mpe soda. Kifaa kile kinachotumia baruti kusukuma pini kimewekwa kwenye 93.03, pamoja na bunduki za kuwindia. Pini zake zinafuata kwenye 93.05. Wengi hawajui, wanaandika "vifaa vya machinjio", mzigo unapita kwenye skana, picha inaonyesha kitu kama bastola nene, na kizaazaa kinaanza.

Wako kifungu hicho hicho wenye boti. Ile bastola ya kurushia fataki za kuomba msaada baharini, na bunduki ya kurushia kamba kutoka meli hadi meli, zote ni 93.03. Fataki zenyewe ziko 36.04 na ni baruti, zina sheria za baruti na haziwekwi sanduku moja na bastola yake. Nimeona mwenye boti hapa Deep Sea aliyeagiza vyote kwenye kasha moja lenye majaketi ya kuokolea. Majaketi yalikaa ghalani miezi, tozo ya kuhifadhi ikiongezeka kila siku, kwa sababu ya bastola ya plastiki ya rangi ya chungwa.

SWALI: Tunatengeneza filamu hapa Bagamoyo. Tunataka bastola za bandia kutoka nje, zitoe mlio na moshi. Bandia nazo zina urasimu? — Kikundi cha vijana, Bagamoyo

JIBU: Zikitoa mlio kwa risasi tupu, si bandia. Forodha inaziweka 93.03. Za plastiki za watoto, zenye kutoa mwanga na muziki, ziko 95.03 na wanasesere, na hata hizo afisa ataomba kuziona. Mji una chuo cha sanaa, una maseremala na mafundi wa kuchonga milango. Chongeni za mninga, mzipake rangi nyeusi, mlio wekeni studio. Mtaokoa fedha na mtaokoa miezi. Na mkipiga picha barabarani, polisi wajue mapema; mpita njia hajui kama ni mninga.

SWALI: Shikamoo. Marehemu babu aliacha gobole chini ya dari. Kifyatulio kimekufa. Nimeona kwenye mtandao kuna watu Ulaya wanauza vipuri vya bunduki za zamani za aina hiyo. Nifuate utaratibu gani kuagiza? — Msomaji, Kilindi

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba. Utaratibu wa kwanza ni kwamba huna silaha. Una silaha ya marehemu. Leseni hairithiwi kama minazi. Na kama babu hakuwa nayo kabisa, ndiyo mbaya zaidi. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi ukatoe taarifa, wewe mwenyewe, mikono mitupu. Usilibebe begani ukapita nalo sokoni. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa. Usisubiri kingine, taarifa ya hiari siku yoyote inasikilizwa vizuri kuliko ya kukutwa nalo.

Ila nakusifu kwa kuuliza habari ya gobole, maana ndilo lililoanza haya yote. Mnadhani urasimu huu umeletwa na Polisi wa juzi. Tarehe 2 Julai 1890, haijatimia hata miezi saba tangu Abushiri anyongwe pale Pangani, wakubwa wa Ulaya walitia saini mkataba Brussels. Ndani yake walizuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Sisi wa Tanga tuko nyuzi 5, Bagamoyo 6. Katikati kabisa ya wavu. Silaha zilizoingia zilitakiwa kulazwa kwenye ghala la serikali, na hazitoki bila idhini. Mwafrika aliachiwa kupata bunduki ya gumegume yenye mtutu laini usio na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa, na ni kweli misafara ya watumwa ilikwenda kwa bunduki. Ni kweli pia kwamba mtu mwenye gumegume hawezi kupigana sana na mwenye bombomu, ile bunduki inayomimina risasi mfululizo. Wazee wetu wakabaki na magobole yao, wakiyafunga waya na kuyatia springi za kila namna, mpaka moja likafika chini ya dari ya babu yako.

Sasa usiende nawe kutia springi. Gobole la umri huo, mtutu umeliwa na kutu kwa ndani pasipoonekana. Likipasuka linapasukia kwenye shavu.

SWALI: Mzigo wangu wa kitako na magazini umefika bila kibali. Nina siku ngapi? — Msomaji, Raskazone

JIBU: Sheria inakutaka uwasilishe hati ndani ya siku 21 tangu shehena ianze kushushwa. Lakini wewe tatizo lako si siku. Tafuta wakala mwenye leseni leo, aandike kwa forodha kwamba mzigo upo, ni wa nini, na kibali hakipo, muombe kuurudisha ulikotoka. Anayejisema mwenyewe bado ana nafasi ya kusikilizwa. Ukimtumia kishoka akakuambia "tulia, nina mtu wangu ndani", kesho mtu wake wa ndani ndiye shahidi.

SWALI: Naomba namba ya afisa anayeweza kuniharakishia kibali. — Wasomaji sita, sehemu mbalimbali

JIBU: Hapana.

SWALI: Babu unatusema sana. Wewe hujawahi kukwama? — Msomaji, Ngamiani

JIBU: Nimekwama, na wewe kwa kuwa ni wa Ngamiani huenda umesimuliwa, ndiyo maana unaniuliza.

Nilikuwa kijana, karani kwa wakala mmoja ambaye simtaji. Tukapewa mzigo wa fundi cherehani mmoja wa huko kwenu, mwenye kishamba na leseni halali ya shotigani. Alikuwa ameagiza mtutu. Kibali cha kuingiza anacho, kimegongwa mihuri yote, kinasema mtutu mmoja na namba ya bunduki. Hakuna kilichopungua. Ila muuzaji kule nje, kwa kudhani anamrahisishia mteja wake, aliandika kwenye ankara "vipuri vya mashine". Nikamwonyesha bosi. Bosi akasema andika kama ankara ilivyoandika, tusichelewe. Nikaandika. Kibali cha polisi nikakiweka chini kabisa ya faili, nikijiambia wakikiuliza ninacho.

Sanduku lilifunguliwa mbele yangu. Karatasi ya nta, harufu ya grisi, halafu mtutu wenyewe, mweusi, unang'aa kama mbwa maji. Afisa hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Bwana mdogo, hii ni mashine ya kushonea au ya kusagia?" Nikatoa kibali upesi, nikidhani ndiyo kinga. Alikisoma, akakiweka sambamba na fomu yangu, akasema: kumbe ulijua. Hapo nilielewa kwamba kama nisingekuwa na kibali ningeweza angalau kuitwa mjinga. Kibali kilinifanya mwongo, kwa sababu karatasi mbili za mzigo mmoja zilitaja vitu viwili.

Nilitoa maelezo polisi mara tatu. Bosi alilipa faini na kuikata kwenye mshahara wangu mpaka mwaka uliofuata. Mtutu uliamriwa urudi ulikotoka, nauli juu ya mwenye mzigo, ambaye hakuwa na kosa hata la nukta. Hakuagiza tena. Bunduki yake mpaka anaacha kulima ilikuwa na mtutu ule ule wenye tundu la kutu.

Hakunidai senti. Lakini bado anashona, kibarazani pale pale, na kila nikipita cherehani inanyamaza, ananitazama juu ya miwani, na kuniuliza: "Bwana mdogo, vile vipuri vya mashine vimefika?"